Saa ya jua, madishi ya mnong'ono au pendulamu: chuo cha Nyanda za Juu Kusini kisimike nini?

Kipande cha uwanja kati ya maktaba na bwalo la chakula hupitiwa na kila mtu chuoni: mwanafunzi wa uhandisi, wa sheria, mhadhiri, mlinzi wa getini. Watu wa fizikia na watu wa sanaa wakipewa ruhusa ya kusimika kitu pale, nafasi hiyo isipotezwe kwa atomu ya mabomba iliyopakwa rangi ya fedha. Atomu ya namna hiyo ni nembo ya sayansi, na mtu akishaiona mara moja hana sababu ya kuirudia.

Tunachagua kwa kigezo kimoja: ukiondoa kipimo, umbo liharibike; ukiondoa umbo, kipimo kisionekane. Kwa kigezo hicho tumelinganisha kazi sita zinazoweza kujengwa na mafundi wa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu kwa vifaa vya duka la ujenzi na karakana ya kuchomelea. Hesabu zote ni za latitudo ya Mbeya, digrii 8.9 kusini, na pale inapobidi za Iringa, digrii 7.8 kusini. Tofauti ya digrii moja inaonekana ndogo, lakini kwa baadhi ya kazi hizi inabadilisha vipimo vya fundi.

| Kazi | Inataka nini | Adui yake | Matunzo |
|---|---|---|---|
| Saa ya jua ya bamba | uwanja wazi, kusini halisi | miti, msingi kutitia | mara mbili kwa mwaka |
| Madishi ya mnong'ono | mita 20 hadi 40 tulivu | kelele, maji, kutu | kabla na baada ya masika |
| Pendulamu za wimbi | baraza au ukumbi, boriti ngumu | upepo, waya kulegea | kila wiki |
| Pendulamu ya Foucault | kimo cha mita 10 na zaidi | mwendo wa duaradufu | kila siku |
| Ukuta wa vyungu | ukuta chini ya paa | kupasuka, nyigu | kila muhula |
| Chumba cha giza | chumba kimoja, mandhari yenye jua | mwanga kuvuja | kidogo sana |

Saa ya jua: usinakili mchoro wa Ulaya

Michoro mingi ya saa za jua iliyoko mtandaoni imechorwa kwa latitudo 40 hadi 55 kaskazini. Ile pembetatu yake inayotoa kivuli husimama kwa pembe iliyo sawa na latitudo na kuelekea kaskazini. Ukiileta Mbeya inakuwa ulimi mwembamba ulioinuka digrii 8.9 tu, ukielekea kusini, na mistari ya saa inabanana kiasi kwamba haisomeki.

Aina nyingine inayopendwa na vyuo ni ile ambayo mtu mwenyewe anasimama katikati na kivuli chake kinakuwa mshale. Inavutia, lakini kwetu inakataa. Alama za saa hukaa kwenye duaradufu, na ufupi wa duaradufu hiyo hutegemea latitudo. Ikiwa upana wake ni mita 6, kimo chake hapa Mbeya ni sentimita 93 tu, karibu mstari mnyoofu. Mwezi Machi na Septemba, mistari ya saa 2 na saa 3 asubuhi inaachana kwa chini ya digrii 4. Kwenye alama zenyewe hiyo ni kama sentimita 15, ilhali kivuli cha mabega ya mtu kina upana wa sentimita 40 na zaidi. Mtu atasoma saa yoyote atakayoipenda.

Inayotufaa ni saa ya bamba linalolala sambamba na mhimili wa dunia. Karibu na ikweta bamba hilo linakuwa karibu bapa kama meza, na mistari yake yote ni minyoofu na sambamba. Fundi wa terazo anaichora kwa futi na uzi bila kuhitaji chombo kingine. Umbali wa kila mstari kutoka mstari wa katikati ni kimo cha ufito, yaani nondo inayotoa kivuli juu ya bamba, mara tanjenti ya pembe ya saa, ambapo kila saa moja ni digrii 15. Ufito ukiwa sentimita 20 juu ya bamba, vipimo ni hivi:

- saa 6: katikati, chini ya ufito
- saa 5 na saa 7: sentimita 5.4 kila upande
- saa 4 na saa 8: sentimita 11.5
- saa 3 na saa 9: sentimita 20.0
- saa 2 na saa 10: sentimita 34.6
- saa 1 na saa 11: sentimita 74.6

Tazama jinsi mistari inavyofunguka kama ukili unaotanuka. Hakuna msanii aliyebuni mapambo hayo. Ni hesabu yenyewe. Na tazama namba: saa 6 ya Kiswahili ndiyo kitovu, saa 1 na saa 11 ndizo kingo, na saa 12 haina mstari kwa sababu wakati huo miale iko sambamba na bamba na kivuli kinakwenda bila kikomo. Hesabu yetu ya saa inaanza na kuishia pale pale saa hii inapoishia. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, hii ni saa iliyotengenezwa kwa ajili yake, na tungependa kuiona katika kila chuo kuanzia Mafinga hadi Tukuyu.

Ujenzi. Bamba la zege la sentimita 160 mashariki–magharibi, 100 kaskazini–kusini, unene 8. Mchanganyiko wa 1:2:4 unataka mfuko mmoja wa saruji, na ndani uwekwe wavu wa nondo za milimita 8 kila sentimita 20. Ukingo wa kusini uinuke sentimita 15.5 kuliko wa kaskazini. Kwa Iringa uinuke 13.5. Likae juu ya kuta mbili fupi za tofali au jiwe hadi kimo cha meza, ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu naye asome. Mwinamo huo pia unamwaga maji ya mvua.

Ufito ni nondo laini ya milimita 12, urefu wa mita 1, ikishikwa na nguzo mbili fupi kwenye kingo za kaskazini na kusini, sambamba kabisa na bamba. Kimo cha sentimita 20 kipimwe hadi katikati ya nondo. Ukikosea milimita 5, saa 3 itakuwa imekosewa karibu dakika 3. Katikati ya ufito chomelea nati ya inchi nusu. Kivuli chake ndicho kalenda: saa 6 ya jua, Juni 21, kitakuwa sentimita 8.7 kusini mwa mstari wa katikati ya bamba. Desemba 21 au 22, sentimita 8.7 kaskazini. Machi na Septemba, usiku na mchana vikilingana, kitatembea juu ya mstari huo huo kutwa nzima.

Kosa kubwa zaidi ni mwelekeo. Dira ya simu isitumike: nondo za zege, mabati na hata mawe ya volkano ya upande wa Rungwe huivuruga, na hata ikisoma vizuri inaonyesha kusini ya sumaku, si kusini halisi. Simika kijiti cha mita 1 wima kwa timazi, chora duara kukizunguka, weka alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na inapoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki–magharibi. Fanya hivyo Juni au Julai, anga ikiwa safi na jua likiwa halihami sana kati ya siku na siku. Kabla fundi hajachonga, acha mistari ya chaki ikae wiki moja na uijaribu.

Halafu kuna swali atakaloulizwa kila mtunzaji: mbona saa hii imechelewa? Saa za Tanzania zinafuata longitudo 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, nje kabisa ya mipaka yetu. Mbeya iko digrii 33.5. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo adhuhuri ya jua hufika Mbeya wastani wa dakika 46 baada ya saa 6 ya simu, na Iringa dakika 37. Zaidi ya hapo, mzunguko wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja na mhimili wake umeinama. Ndiyo maana bamba likionyesha saa 6 kamili Mbeya, mwanzoni mwa Novemba simu husema saa 6:30, na katikati ya Februari husema saa 7:00. Wengine huhamisha mistari ili ifanane na simu. Tunashauri iachwe kama jua lilivyo, na pembeni liwekwe kibao chenye mkunjo wa masahihisho wa mwaka mzima. Mkunjo huo ni mchoro mzuri, na mwanafunzi akishauelewa ameelewa mengi.

Namba za shaba zisitumike, zitang'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Chonga mifereji ya sentimita 1, ijaze saruji nyeupe na chembe za marumaru, kisha isuguliwe kama sakafu ya terazo. Na muulize mtu wa bustani ni miti gani itapandwa upande wa mashariki na magharibi. Mjakaranda mmoja miaka kumi baadaye unafuta saa 2 na saa 3.

Madishi ya mnong'ono: kazi ya wawili

Madishi mawili yanatazamana, umbali wa mita 30. Mmoja anaweka mdomo kwenye kitovu cha dishi la kwanza, yaani mahali mbele yake ambapo sauti hukusanyika, na kunong'ona, mwenzake anaweka sikio kwenye kitovu cha la pili na kusikia kama ameambiwa pembeni. Watu hurudi na rafiki zao, kwa sababu mtu peke yake hawezi kuitumia.

Madishi ya zamani ya setilaiti ya mita 1.8 yanatosha, lakini chagua yenye bati zima. Ya wavu hayafai: mawimbi ya redio yanarudishwa na wavu, sauti inapita kwenye matundu. Yale madogo ya mviringo uliorefuka nayo yaache, kitovu chake hakiko katikati. Tafuta kitovu hivi: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa mara 16 ya kina. Kipenyo kikiwa sentimita 180 na kina 29, kitovu kiko karibu sentimita 70 mbele ya katikati ya dishi. Pale weka duara la nondo la sentimita 20 kuonyesha mahali pa uso. Madishi yote mawili yawe na duara kwenye kimo cha sentimita 150, au yote mawili kwenye 120 ikiwa watoto wa shule wanatembelea, yasipishane kimo.

Sauti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, ina urefu wa wimbi wa sentimita 34, na dishi hurudisha vizuri mawimbi yaliyo mafupi kuliko upana wake mara kadhaa. Kwa hiyo konsonanti kama s, sh na t zitafika safi, na uzito wa sauti utabaki njiani. Mnong'ono unafika vizuri kuliko sauti ya kawaida, na hilo liandikwe kwenye kibao kwa sababu watu huanza kwa kupiga kelele.

Mhimili wa madishi uwe kaskazini–kusini. Hapa hatuna mzaha. Jua linapochomoza na kuzama hukaa kwenye upeo wa macho, na dishi linalotazama mashariki au magharibi likiwa na rangi inayong'aa litakusanya miale yake pale pale watu wanapoweka uso. Upande wa kaskazini, adhuhuri, jua la Mbeya halishuki chini ya digrii 57, hata Juni. Kusini halishuki chini ya 75. Mhimili wa kaskazini–kusini hauwezi kulikuta. Pamoja na hayo, ndani ipakwe rangi isiyong'aa. Msanii ana uso mkubwa wa kuchora, ila asiweke kitu kilichotuna: rangi haiathiri sauti, lakini nakshi ya kubandika yenye kina cha sentimita tatu nne inaanza kuitawanya.

Msingi wa kila dishi uwe sentimita 80 kwa 80, kina 60, mifuko miwili na nusu ya saruji. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unalisukuma dishi hilo kwa nguvu ya kama kilo 65, na msingi wa sentimita 60 kila upande unabaki na akiba ndogo mno, hasa pande za Makambako ambako upepo haupumziki. Toboa tundu la milimita 10 sehemu ya chini kabisa ya ukingo maji yatoke. Rangi ya kuzuia kutu ipigwe mgongoni mara mbili kabla ya rangi ya mwisho, na nguzo iungwe na waya wa ardhini kwa ajili ya radi.

Kupanga madishi: weka simu ipige mlio mmoja kwenye kitovu cha la kwanza, mwenzako asogeze sikio kwenye la pili hadi apate mahali penye mlio mkubwa zaidi. Kama mahali hapo pako nje ya duara la nondo, legeza bolti, geuza dishi kidogo, rudia. Kosa la digrii mbili linatosha kuua kazi yote, na ndilo linalofanya madishi mengi yadhaniwe mabovu.

Pendulamu za wimbi

Kwa macho, hii ndiyo nzuri kuliko zote. Mipira 12 inayoning'inia kwa waya inaachiwa pamoja, inaachana taratibu, inakuwa nyoka, inakuwa makundi matatu, inakuwa mawili yanayopishana, na baada ya sekunde 90 inarudi kuwa mstari mmoja. Siri ni kwamba wa kwanza hupiga mizunguko 30 ndani ya sekunde 90, wa pili 31, hadi wa kumi na mbili 41. Sekunde ya 45 wenye namba shufwa wako upande mmoja na wenye witiri upande wa pili.

Kwa mvutano wa dunia wa 9.78 unaofaa nyanda zetu, vimo ni sentimita 223.0, 208.8, 196.0, 184.3, 173.6, 163.8, 154.9, 146.6, 139.0, 132.0, 125.4 na 119.4. Kila mpira uning'inizwe kwa waya mbili zinazokutana kama herufi V, kutoka boriti mbili zilizoachana sentimita 60, ili uyumbe upande mmoja tu. Kimo kinachohesabiwa ni cha wima, kutoka usawa wa boriti hadi katikati ya mpira. Fundi akipima urefu wa waya badala ya kimo, pendulamu ndefu itakosewa sentimita 2 na fupi karibu 4, na wimbi halitarudi kamwe. Kosa linalovumilika ni milimita 3.

Mipira ifinyangwe: mpira wa plastiki wa watoto wa sentimita 15 utobolewe, ujazwe mchanga na saruji 3 kwa 1, upachikwe kulabu ya nondo ya milimita 6, kisha plastiki ichanwe. Kila mmoja utakuwa na kilo 4 hivi. Uzito ukipishana haidhuru, na hilo ni somo zuri; ukubwa ndio ulingane ili hewa iwapunguze kasi kwa kiwango kimoja. Waya wa breki wa baiskeli unafaa, mradi tundu la boriti liwekewe kipande cha bomba laini, la sivyo nyuzi zinakatika moja moja pale zinapokunjwa.

Udhaifu wake ni matunzo. Boriti ikitikisika hata kidogo, mipira inapeana nguvu na mpangilio unavurugika. Upepo wa barazani unaivuruga. Waya zinalegea. Bila fundi wa maabara anayekubali kuipima kila Jumatatu, baada ya miezi miwili itakuwa mipira inayoyumba ovyo, na hapo inafundisha kosa.

Pendulamu ya Foucault

Mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault aliitundika ndani ya jengo la Panthéon mjini Paris mwaka 1851: waya wa mita 67, tufe la kilo 28, na watu wakaona sakafu ikigeuka chini yake kwa sababu dunia inazunguka. Kila mkuu wa chuo aliyewahi kuiona huitaka. Ushauri wetu ni kuiacha.

Kasi ya kugeuka hutegemea sini ya latitudo. Paris ni zaidi ya digrii 11 kwa saa. Mbeya ni digrii 2.3, na mzunguko kamili huchukua karibu siku 6 na nusu. Iringa ni digrii 2, zaidi ya siku 7. Ndani ya kipindi cha saa moja, kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 1, alama inahama sentimita 4. Hilo lingevumilika, kama si duaradufu. Tufe haliendi kwenye mstari mnyoofu kabisa. Likitanuka pembeni sentimita 1 tu, kwa waya wa mita 10 na yumbo la mita 1, njia yake inageuka yenyewe zaidi ya digrii 7 kwa saa, mara tatu ya kinachofanywa na dunia, na upande wowote. Mtazamaji ataona mzunguko, ataambiwa ni dunia, na haitakuwa kweli. Chuo chenye ngazi za ghorofa nne, sumaku ya kusukuma na umeme usiokatika kinaweza kujaribu. Wengine wasitumie fedha hapo.

Vyungu na chumba cha giza

Hizi mbili ni za fungu dogo kabisa.

Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa soko la Lyulilo, Matema, vina umbo ambalo fizikia inalipenda: tumbo kubwa, mdomo mdogo. Hewa ya shingoni inaruka juu ya hewa ya tumboni kama uzito juu ya springi, na kila chungu kina mlio wake. Chenye lita 10, mdomo wa sentimita 10 na shingo ya 3 huvuma karibu na hezi 150. Cha lita 20 chenye mdomo huo huo karibu 105. Cha lita 5 karibu 210. Cha lita 20 na cha lita 5 vinapishana oktavu moja kamili. Pachika tisa kwenye ukuta wa baraza, midomo ikitazama nje kwa vimo tofauti, na mtu akiweka sikio atasikia kelele zile zile za uwanja zikigeuzwa wimbo na kila chungu. Pima ujazo kwa maji kabla ya kununua, maana vyungu viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kupishana lita tatu. Saruji ishike kitako tu, tumbo lizungukwe na mchanga. Saruji ikikaza tumboni, chungu kinapasuka inapokauka. Mdomoni weka wavu mpana wa kuzuia nyigu, hauzuii sauti. Vimechomwa kwa moto wa wazi na vinanyonya maji, kwa hiyo visikae kwenye mvua ya Tukuyu.

Chumba cha giza kinataka stoo yenye ukuta unaotazama mandhari. Toboa tundu la sentimita 3, weka lensi ya miwani ya +0.5, na mita 2 ndani tundika shuka nyeupe: mji mzima utaonekana juu chini, kwa rangi, magari yakitembea. Lensi ya +1 inataka mita 1. Tundu tupu lisilo na lensi litatoa picha safi likiwa la milimita 2 tu, na itakuwa hafifu mno kwa mtu aliyetoka juani. Mandhari lazima yapigwe na jua. Mjini Mbeya, mlima Loleza uko kaskazini, na mwezi Juni jua liko upande wa nyuma yake, hivyo uso unaotutazama ni mweusi kiasi. Tundu litazame kusini, bondeni, na kwa miezi ya kiangazi utapata picha kali kutwa nzima.

Ukishindwa kuamua

Kama kuna fungu la kazi moja tu na hakuna aliyepewa jukumu la kuitunza, jenga saa ya jua. Kama uwanja uko pembeni mwa barabara ya malori ya kwenda Tunduma, madishi yasahau, mnong'ono utamezwa. Saa ya jua haijali kelele. Kama kuna uwanja mrefu tulivu na wageni wengi wa shule za msingi, madishi yatapendwa kuliko chochote. Pendulamu za wimbi zijengwe pale tu jina la mtunzaji limeandikwa kwenye ratiba ya kazi kabla ya saruji kununuliwa. Vyungu viende pamoja na kazi nyingine yoyote, kwa sababu havihitaji nafasi yake wenyewe. Msanii na mtu wa fizikia wakae meza moja tangu siku ya kwanza. Akiitwa baada ya zege kukauka, msanii hana la kufanya isipokuwa kupaka rangi.

Ratiba inayofuata hali ya hewa ya huku: kusini halisi itafutwe Juni, bamba limwagwe Julai, na kwa kuwa baridi ya Julai huchelewesha saruji, limwagiliwe na kufunikwa siku 14 badala ya 7. Mistari ichongwe Agosti, isuguliwe Septemba. Oktoba 16 hivi jua hupita utosini mwa Mbeya. Siku hiyo, saa 6:32 kwa simu, mlingoti wa bendera hautakuwa na kivuli kabisa, na kivuli cha nati kitakuwa sentimita 3.1 kaskazini mwa mstari wa katikati. Kikiwa pale, bamba limekaa sawa. Kikiwa pembeni kwa zaidi ya milimita 5, kuna wiki chache za kurekebisha nguzo kabla mvua za Novemba hazijaanza.